Miezi Iliyokuwa Kabatini Mwangu

Nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma, na kwa miaka mingi niliogopa swali moja: "Afisa, nikistaafu nitapata shilingi ngapi?" Nilijibu kwa sauti ya kiofisi kwamba mfuko ndio utakaokokotoa. Ukweli ni kwamba sikuwahi kukaa chini nikapiga hesabu ile, hata ya kwangu mwenyewe.

Tulikuwa wanachama wa LAPF, mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, wenye makao makuu yake hapahapa Dodoma. Agosti 2018 uliunganishwa na mifuko ya PSPF, PPF na GEPF, ukazaliwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Zikafuata kanuni mpya: malipo ya mkupuo siku ya kustaafu yawe asilimia 25 ya pensheni, sisi tuliozoea 50. Kantini nilikuwa mkali kuliko wote. Desemba, Rais Magufuli aliporudisha kikokotoo cha zamani hadi 2023, nilishangilia, nikaenda kukopa nikanunua kiwanja Nala. Mkupuo nilikwisha kuutumia kichwani.

Julai 2022 ikaja asilimia 33. Nikarudia ukali wangu.

Siku hizo akaingia mhudumu wetu wa ofisi, mama wa Kigogo aliyekaribia miaka 60, na daftari la mjukuu wake. Jirani yake, mwalimu mstaafu, alikuwa amemfundisha: miezi ya utumishi zidisha kwa mshahara wa mwaka, gawanya kwa 580, hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 33 yake zidisha kwa 12.5, ni mkupuo. Asilimia 67 gawanya kwa 12, ni ya kila mwezi. Nikajaribu kwa mshahara wa milioni moja na utumishi wa miaka 30. Mkupuo ulitoka milioni 30 na ushee, wakati kwa kikokotoo cha zamani ungekuwa milioni 62. Pensheni ya mwezi ilipanda kutoka 333,000 hadi kama 415,000, nyongeza ambayo ingechukua zaidi ya miaka 30 kuziba pengo lile. Kwa hiyo hasira yetu haikuwa ya bure. Nasema hivyo hadi leo.

Ila mama hakuja kwa ajili ya asilimia. Aliweka kidole kwenye namba ya kwanza kabisa.

"Baba, mfuko wanasema miezi yangu imepungua. Asilimia wanapanga wakubwa. Miezi si iko kwako?"

Ilikuwa kwangu. Majina yaliyokosewa herufi, namba za uanachama zilizopishana, michango iliyokatwa ambayo orodha zake hazikufika. Katika mfano ule, mwaka mmoja ukipotea unamnyima mstaafu milioni moja ya mkupuo na karibu 14,000 kila mwezi hadi anaingia kaburini. Nami kelele zote zile nilizipiga nikiwa nimekalia mafaili.

Mama hakunitangaza. Alinipeleka stoo, akanionyesha orodha za mishahara za zamani alizokuwa ameambiwa achome, akazifunga kwa kamba badala yake. Tulizipekua katikati ya vumbi, tukaipata sehemu kubwa ya miezi yake. Mingine haikuonekana, na hilo linaniuma. Humohumo tukakuta miezi yangu, ya mwaka niliohamishwa kutoka halmashauri nyingine. Sikujua hata kwamba ilikuwa imepotea. Sikuitafuta, niliyempuuza ndiye aliyenihifadhia. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Wewe uliye kazini, omba taarifa ya michango yako sasa, uihesabu miezi. Nawe afisa mwenzangu, usione haya kusema hujui; mimi ilinichukua karibu utumishi wangu wote.

Juni 2024 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni na kutangaza kwamba sisi tulioshushwa kutoka asilimia 50 hadi 33 tutapata 40. Ofisi nzima ilipiga makofi, nami nikapiga. Kesho yake tulikuwa na dereva wetu mezani, tukitafuta michango yake ya 2009.