Gia Uliyopandia

Baba alilizunguka gari mara mbili, akainama kuchungulia chini yake, kisha akauliza tairi la akiba liko wapi.

"Halina, baba. Kuna dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo."

"Iringa mpaka Mbeya," alisema taratibu, "bila tairi la akiba."

Ilikuwa Julai 2024, saa kumi na mbili asubuhi, Gangilonga, na baridi ile ya Iringa inayomfanya mtu aongee mikono ikiwa mifukoni. Gari lilikuwa la kaka yangu, BYD Atto 3, gari la familia la umeme ambalo yeye hulitumia kupeleka watoto shule na kushuka nalo Ipogolo na kurudi. Langu la petroli lilikuwa gereji. Basi baba hawezi tena, kibofu chake hakisubiri stendi. Na safari haikuwa ya kuahirisha: huko Uyole mtu aliyekuwa utingo wake kwa miaka kumi na moja, ambaye sisi watoto tulimwita baba mdogo, alikuwa ametoka hospitali baada ya kiharusi. Kwenye simu hakueleweka. Baba alikuwa akishika simu dakika nzima, akisikiliza pumzi tu, kisha anakata.

Usiku ule umeme ulikatika kabla betri haijajaa. Tuliondoka na asilimia 93.

Nieleze hesabu, maana ndiyo iliyoniweka macho usiku kucha. Betri ya gari lile inabeba uniti 60 na kidogo, uniti zilezile tunazonunua za LUKU. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, elfu kumi inakupa kama uniti 28, kwa hiyo kulijaza kutoka sifuri ni kama shilingi 21,500. Kipimo rasmi cha Ulaya kinalipa kilomita 420. Iringa mpaka Mbeya ni kama 330. Ukisoma hivyo tu, unaona safari imekwisha. Lakini kipimo hicho hakikupanda kutoka Ipogolo kwenda Mafinga asubuhi ya Julai, na njia nzima hakuna mahali nilipojua ningeweza kuchaji haraka. Ukiishiwa, unaomba soketi kwa mtu na kukaa naye siku nzima.

Baba aliendesha malori kwenye barabara hii, Dar es Salaam mpaka Zambia, tangu mimi sijazaliwa. Sasa macho yamemwacha, lakini kwenye gari la mtu mwingine bado anaendesha kwa masikio. Atakuambia bearing ya mbele kushoto inakufa kabla fundi hajafungua tairi. Anajua dereva amechelewa kubadili gia kwa jinsi injini inavyonung'unika. Humu ndani hakukuwa na cha kusikiliza. Tulipita Tanangozi akiwa amekaa wima, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

"Limewaka kweli hili?" aliuliza tukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa.

Mlima wa kwenda Mafinga ndio uliomgeuza kidogo. Mafinga iko kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 17. Injini ya petroli isiyo na turbo inapumua hewa hiyohiyo tunayopumua sisi, kwa hiyo na nguvu zake zinapungua karibu kiasi hicho. Ndiyo maana gari linaloruka Kibaha linakuja kukohoa Ifunda. Mota ya umeme haipumui. Kilowati zake 150 za pwani ndizo kilowati zake 150 za Mafinga. Nililipita lori la mbao kwenye mwinuko, nikakanyaga kidogo tu, gari likaenda bila kujiuliza. Baba alishika mpini wa mlango. Hakusema kitu, lakini baada ya hapo kila tulipolikuta lori mbele alikuwa ananitazama mguu.

Mengine yalimkera. Usukani ni mwepesi mno, haukuambii tairi linakanyaga nini. Gari lina uzito wa kilo 1,750, zikiwamo za betri iliyolazwa sakafuni, na hilo ni jema kwenye kona kwa sababu uzito uko chini na bodi haiyumbi. Kwenye matuta ya vijijini, hata hivyo, uzito huo unashuka kwa kishindo usipokuwa mpole. Na pale tulipotoka pembeni kwenye kokoto ili ajisaidie, nilikanyaga vibaya wakati wa kurudi barabarani, tairi za mbele zikazunguka bure. "Nguvu nyingi, miguu michache," baba alisema.

Mafinga asilimia 71. Makambako 54. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya safari, na mimi mikono ilianza kutoa jasho.

Kutoka Makambako barabara inaanza kushuka kwenda bonde la Usangu, kama mita 600 kwa jumla. Hapa ndipo nililazimika kumweleza baba kwa nini siweki mguu kwenye breki. Ukiachia mafuta (bado nasema mafuta, sijui niseme nini), mota inageuka kuwa jenereta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nayo inakataa kuzungushwa, na kule kukataa ndiko kunakozuia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Hairudishi wote uliotumia kupanda, mwingine unapotea njiani, lakini unarudisha.

"Yaani linashuka kwa gia uliyopandia," alisema.

Hiyo ni sheria yake, na ya kila dereva wa zamani wa njia hii: mlima ulioupanda kwa gia fulani, ushuke kwa gia hiyohiyo, uiache injini ishike mzigo. Breki ni za kusimamia, si za kushukia. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kuihusisha na mota iliyokuwa chini ya miguu yangu.

Tulipofika Igawa, kwenye daraja la mto Mbarali, alitaka tusimame. Alishuka akiegemea mlango, akasogeza mgongo wa mkono karibu na gurudumu la mbele, kama anavyofanya tangu enzi zake. Akaenda upande wa pili. Akarudi.

"Za baridi," alisema.

Miaka ya themanini, wakitokea Tunduma na mzigo, yeye na baba mdogo walianza kuushuka Mlima Nyoka, baada ya Uyole. Gia ilichomoka. Baba alijaribu kuirudisha ikakataa, na lori likabaki free, likining'inia kwenye breki peke yake. Nimefanya hesabu hiyo baadaye: tani 30 zikishuka mita 500 zina kama uniti 40 za kutupa, na breki hazijui kuzitupa isipokuwa kwa kuzigeuza joto. Chuma kikishiba joto, breki haishiki tena. Moshi ulitoka kwenye tairi, kanyagio likaenda mpaka chini. Baba mdogo aliruka na kigingi cha mti, akakisukumiza chini ya tairi la nyuma, kikaponyoka, akakisukumiza tena. Lori lilienda kulala kwenye kingo ya udongo. Yeye alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu habari hiyo ilisimuliwa na mama tu.

Maji yale ya Mbarali yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu, na mwisho yanaishia Rufiji, kwenye bwawa la Nyerere, ambako mtambo wa kwanza ulikuwa umeanza kuzalisha umeme Februari mwaka uleule. Nilimwambia baba pengine tumechaji kwa maji haya. Alisema basi tusichelewe, yasije yakatutangulia.

Igurusi tulikuwa na asilimia 33, na mbele yetu mlima. Gari letu na sisi ndani ni karibu tani mbili, na uniti moja inainua tani mbili kwa kama mita 180. Nilihesabu kwa sauti, baba akahesabu upya kwa vidole. Inyala sikupita mtu, nilikaa nyuma ya lori la saruji na kuzima kipasha joto. Tulifika Uyole na asilimia 14.

Baba mdogo alikuwa kwenye kiti barazani. Upande wa kulia ulikuwa umelala, mkono na nusu ya mdomo. Baba alikaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti alicholetewa, na wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mimi nilimwuliza binti yake habari ya LUKU kwanza, kwa sababu mwenye nyumba anayelipa bei ya mtumiaji mdogo, shilingi 100 kwa uniti, akivuka uniti 75 kwa mwezi anaipoteza, na sisi tungezimaliza karibu zote kwa siku mbili. Wao walikuwa bei ya kawaida. Nilinunua za elfu ishirini na tano, nikachomeka, nikawa naamka usiku kuigusa soketi kama imepata moto.

Siku ya pili alitaka kuliona gari. Tulimwingiza mbele, kwa shida. Milango ya Atto 3 ina nyuzi tatu za kuzuia vitu visidondoke mfukoni, na ukizigusa zinalia kama gitaa. Nilikuwa naziona upuuzi. Baba mdogo alizikuta kwa mkono wa kushoto, akazipiga kwa vile vidole vitatu, akasikiliza, akapiga tena. Kisha alitazama pale kati ya viti na kusema neno la kwanza nililolielewa.

"Gia?"

"Haina," baba alisema. "Linajishika lenyewe."

Baba mdogo alimtazama baba kwa muda mrefu. Baba ndiye aliyeangalia pembeni.

Tuliondoka na asilimia 100, kwa woga wangu. Uyole uko juu, na kutoka pale, muda si mrefu, unaanza kushuka Mlima Nyoka. Niliachia mafuta kama nilivyozoea, na gari halikushika. Lilizidi kukimbia. Breki zilifanya kazi vizuri nilipozikanyaga, lakini tumbo langu lilikuwa limeshatangulia Inyala.

"Limekuwa free," baba alisema kwa sauti ndogo sana.

Kisha, kabla sijapata jibu: "Umelijaza. Hayo ya kushuka litayaweka wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Betri iliyojaa haipokei, na mota isiyo na pa kupeleka umeme haiwezi kushika. Nilishuka taratibu, nikikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, yeye akinihesabia. Chini alishuka na kusogeza mkono kwenye gurudumu. "Leo zina joto," alisema. Alizunguka mara ya pili bila sababu, akionekana kuwa na afya kuliko siku zote za safari.

Igurusi alitaka mchele. Alichagua kiroba cha kilo 50, akakipapasa, akauliza mpaka Makambako kule juu kitakula umeme wa shilingi ngapi. Nilifanya hesabu kwenye simu.

"Ya kukipandisha tu? Kama shilingi 29."

Alimgeukia muuzaji. "Weka viwili."