Mlima Kilimanjaro na Mito Yake: Mvua Inyeshayo Mbali



Likizo zikifika, vijana wetu hupenda kwenda matembezi Uchagani, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Wengine huenda kutazama maporomoko ya maji ya Materuni, au ya Kinukamori huko Marangu. Wengine huoga mitoni. Nao walio na nguvu na fedha hupanda mpaka juu kabisa. Matembezi hayo ni mema, tena hufundisha mengi. Lakini mlima huu una desturi zake za mvua, jua na upepo. Azijuaye hurudi nyumbani na furaha. Asiyezijua aweza kupatwa na msiba hali jua linamwakia kichwani. Kwa hiyo yafaa tuzitazame desturi hizo moja moja.

Tuanze mjini Moshi, ulio mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo pana joto, na mvua ya mwaka mzima hukaribia milimeta 900. Msafiri akishika njia ya kupanda, hupita katikati ya migomba na mibuni, na pembeni huona mifereji ambayo Wachaga walichimba tangu zamani ili kuyaleta maji ya mito mashambani. Kila apandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Mvua nayo huzidi. Ndani ya msitu, mahali penye mita 2,200 hivi, mvua ya mwaka hupita milimeta 2,000, yaani zaidi ya mara mbili ya ile ya Moshi. Akiisha kuupita msitu, mvua hupungua tena. Juu ya mita 4,000 ni jangwa la mawe na vumbi, na huko kileleni, mita 5,895, mvua na theluji ni haba, ila baridi ni kali.

Sababu yake ni hii. Upepo utokao baharini huchukua mvuke. Ukikutana na mlima, hauna budi kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa, mvuke wake hugeuka kuwa mawingu na mvua. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, upepo wa kusi huupiga mlima upande wa kusini, ndiyo maana upande huo una mito mingi, na upande wa kaskazini, uelekeao Kenya, ni mkavu. Vuli huja kwa Novemba na Desemba, nayo huwa ndogo kuliko masika. Miezi ya Januari na Februari, na tena Julai hata Septemba, ndiyo wapandao huichagua zaidi.

Tena iko desturi ya kila siku. Usiku mlima hupoa, na upepo hushuka kutoka juu kwenda chini. Alfajiri Kibo huonekana wazi, pamoja na barafu iliyosalia, maana sehemu iliyo kubwa ya barafu iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Jua likipanda, miteremko hupata moto, hewa huanza kupanda, na mawingu hujikusanya juu ya msitu. Mara nyingi, ifikapo saa sita au saa saba mchana, Kibo kimekwisha kujifunika. Ndipo mvua huweza kunyesha huko msituni, na watu wa Moshi wasipate hata tone moja.

Wapandao mlima hufuata desturi hiyo. Wale waendao kileleni kwa njia ya Marangu huondoka kambi ya Kibo, mita 4,700 hivi, karibu na saa sita ya usiku, ili wafike juu kwa mapambazuko, wakati ambapo hewa ni safi na changarawe zingali zimegandamana kwa baridi. Mtu na achukue nguo kavu za kubadili, kwa maana nguo zilizolowa na upepo pamoja huondoa joto la mwili upesi kuliko baridi peke yake. Tena, aumwaye kichwa sana, akatapika na kuyumba kama mlevi, asihimizwe kuendelea. Dawa yake ya kwanza ni kushuka chini, hata ikiwa ni usiku.

Sasa natuishukie mito. Weruweru, Karanga, Rau, Himo na mingineyo hutoka mlimani, na maji yake hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Huko juu mito hiyo hupita katika makorongo membamba yenye kuta za mwinuko. Mvua kubwa ikinyesha msituni, maji hukimbia kwa mteremko mkali na kukusanyika katika korongo moja, wala hayana nafasi ya kutawanyika. Basi kijana aweza kuwa anaoga chini, mbingu zake ni buluu, na gharika imo njiani ikimjia.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mtu aliye bondeni twaweza kuongeza: asitazame mawingu yaliyo juu ya kichwa chake tu, bali yale yaliyo juu ya chemchemi za mto wake.

Msiba wa namna hiyo si wa mlima huu peke yake. Huko Kenya, karibu na Naivasha, liko korongo zuri katika hifadhi iitwayo Hell's Gate, lenye kuta ndefu za mwamba. Mwezi wa Aprili 2012 vijana wa kanisa moja la Nairobi walikwenda kulitembelea. Maji yakaja ghafula kutoka juu, na saba kati yao wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 watu wengine tena walichukuliwa na maji katika korongo lilo hilo. Wote hao walikwenda kwa furaha, kama waendavyo watoto wetu.

Kwa hiyo, ninyi wazazi na walimu mtakaoongoza vijana, shikeni mambo haya. Sikilizeni kwanza habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini mjue ya kuwa habari za mkoa mzima haziwezi kutaja kila korongo. Waulizeni pia wenyeji wa vijiji vya juu kama kumenyesha kwao. Nendeni mtoni asubuhi, mkaondoke kabla ya mawingu kuufunika mlima. Mkiingia korongoni, angalieni njia ya kupandia kabla ya kuvua viatu. Wekeni mtu mzima mmoja asiyeoga, kazi yake kutazama maji na kuwahesabu watoto. Maji yakianza kuwa na rangi ya udongo, yakichukua majani na vijiti, au mvumo wake ukigeuka, msingoje kuona zaidi. Tokeni mara moja mpande juu, wala msikimbie kufuata mto kwenda chini, kwa kuwa maji yana mbio kuliko ninyi. Vyombo na nguo na viachwe. Tena mto uliofurika usivukwe kwa miguu, hata kama maji hayapiti magoti, maana nguvu ya mwendo wake humwangusha mtu mzima. Mito hii mifupi mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Afadhali kulala njaa ng'ambo kuliko kuvuka.

Mwalimu akirudisha kundi lake nyumbani bila kuoga, kwa sababu aliona wingu jeusi juu ya msitu, watoto watanung'unika, na pengine mvua haitanyesha. Wazazi wasimcheke. Maporomoko yatakuwapo juma lijalo, na watoto watakuwapo pia kuyatazama.