Elfu 15 ilikuwa mezani, binti wa steshenari Katonga akagoma kuuza diski

Kuna binti mmoja ana steshenari yake Katonga, Kigoma, jirani na mwalo. Barua ya kuchapa, kopi, kuskani kitambulisho cha NIDA, maombi ya chuo, vyote kwake. Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta yake ya mezani ilikuwa ya zamani mno kuipokea Windows 11. Akajipinda, akabadilisha mazabodi, RAM, pawasaplai na diski, akaweka SSD. Mashine sasa inawaka fasta, foleni imepungua, raha tupu.

Shida ikabaki chini ya meza: boksi la vitu kuukuu, pamoja na UPS ambayo betri yake ilishakata moto.

Wa kwanza kulitolea macho ni kijana wa vyuma chakavu. "Dada, mzigo wote elfu 15, keshi." Wa pili ni mjomba wake, mvuvi wa dagaa. "Mwanangu, hiyo betri niachie mimi, giza limekaribia." Wanaojua ziwa wameelewa: siku zisizo na mbalamwezi ndizo dagaa hufuata taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni LED za betri.

Mtu ameshamaliza akiba kwenye vipuri vipya, elfu 15 anaikataaje? Akafuta mafaili kwenye diski ya zamani, akaiformati chapchap. Sekunde chache tu, imekwisha.

Fundi wake akacheka. "Dada, hapo umechana ukurasa wa yaliyomo tu. Kitabu chenyewe kipo." Akaichomeka, akawasha programu ya kurudisha mafaili, ile ya bure kabisa. Wakasubiri. Vikaanza kutokea kimoja kimoja: cheti cha kuzaliwa, mkataba wa kiwanja, barua ya talaka, kisha kadi ya kliniki ya mama anayeuza dagaa hatua chache tu kutoka dukani. Binti akazima skrini upesi. Katonga yenyewe watu wanajuana, siri ikitoka asubuhi, jioni imefika Ujiji.

Kumbe diski haikuwa mali yake peke yake. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Basi wakaiacha usiku kucha programu ikiandika sifuri juu ya diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Asubuhi ikatiwa kwenye kasha la USB, sasa inatunza nakala za kazi za duka. Ingekuwa imekufa, dawa ni kuifungua na kuharibu kabisa zile sahani za ndani. Kwa SSD njia ya sifuri haitoshi, tumia programu ya kufutia ya kampuni iliyoitengeneza.

RAM zake za DDR3 haziingii kwenye tundu la DDR4, lakini mashine za zamani bado zinazihitaji, fundi akazichukua. Pawasaplai ina feni ya volti 12 inayozunguka vizuri kwa betri ya sola. Tahadhari tu, usiifungue kama si fundi, ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomolewa.

Kwenye betri ndipo alipokosana na mjomba. "Mjomba, hii imekufa, itakuzimia katikati ya maji." Mzee akanuna. Ila betri ile ina risasi na tindikali, na ikishindikana kazi hutupwa palepale mwaloni, dagaa wanapoanikwa na watoto wanapocheza. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hakitoki leo wala kesho.

Na si Kigoma pekee. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa.

Kijana wa vyuma akaondoka na bati la UPS na mabano ya chuma, akalipa elfu 3. Mazabodi na betri vimewekwa pakavu, vikisubiri mkusanyaji mwenye kibali, kama kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinavyotaka. Nyaya hazikuchomwa kutafuta shaba, maana moshi wake ni sumu.

Elfu 12 imempita, ni kweli. Ila mama wa dagaa bado anapita dukani kila asubuhi, anasalimia, anaweka kikapu chini, anatoa kopi zake bila wasiwasi.

Na wewe, diski yako ya zamani iko kwa nani saa hizi?