Kujaribu Tena Kilichokwisha Kufaulu

Mbegu za ufuta zilizotoka katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, jirani na mji wa Mtwara, hubeba miaka ndani ya majina yao: Naliendele 92, Ziada 94, Lindi 2002, Mtwara 2009. Karanga nazo hazikuachwa nyuma. Mwaka 2009 zilitolewa kwa mkupuo mmoja Mangaka, Masasi, Mnanje, Naliendele na Nachingwea, na kila moja ikapewa 2009 mfano wa ubini. Mgeni wa mambo ya mashamba huenda akadhani ni pambo tu la wataalamu. Sivyo. Mwaka ule ni kauli yenye mpaka: mbegu hii, kama ilivyokuwa wakati ule, ilipandwa kando ya zile zilizoitangulia, katika ardhi zaidi ya moja na msimu zaidi ya mmoja, ikaonekana haikupungukiwa. Nachingwea ni miongoni mwa mahali panapofanyiwa majaribio ya namna hiyo. Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea, ni miongoni mwa mahali ambapo ufuta umekuwa fedha ya watu, ukiuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Mbegu ikidanganya pale, wanaoumia wana watoto wa skuli na madeni ya dukani.

Ipo kazi nyingine, iliyo mbali kabisa na jembe, ambayo nayo huvipa vitu vyake majina kwa mtindo huo. Ni kazi ya watunzi wa programu za kompyuta. Wao wana GCC 4.8 ya mwaka 2013, GCC 11 ya mwaka 2021, na nyingine kabla, kati na baada. GCC ni kompaila, yaani mfasiri: huichukua programu iliyoandikwa kwa lugha inayosomeka na mtu, ikaigeuza kuwa tarakimu ambazo mashine huzitii. Ndugu yake ni GDB, ambayo ni programu ya kusaka hitilafu. Programu nyingine ikianguka au ikitoa jawabu la uongo, GDB huisimamisha katikati ya mwendo na kuihoji: umefika mstari gani? Kigeu hiki kina thamani gani? Nani aliyekuita hapa? Richard Stallman alizianzisha zote mbili kwa ajili ya mradi wa GNU; GDB mwaka 1986, na GCC ikatolewa mwaka uliofuata. Ni programu huria. Yeyote aweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa, almuradi asimnyime anayempa haki ileile aliyopewa yeye.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Msaka hitilafu hawezi kuzitazama tarakimu za mashine akajua mstari wa 12 wa mwandishi umeangukia wapi. Lazima aambiwe. Kompaila, ikimaliza kufasiri, huacha waraka pembeni unaoeleza kwamba tarakimu hizi zatokana na mstari huu, na kigeu kile kimewekwa mahali fulani. Waraka huo una kanuni zake za uandishi, ziitwazo DWARF, nazo zina matoleo: la pili la mwaka 1993, la tatu la 2005, la nne la 2010, la tano la 2017. GCC 11 ilipotoka, ilianza kuandika waraka wake kwa toleo la tano bila ya kuombwa. Mtu ambaye hakugusa hata nukta moja ya GDB yake aliweza kubadilisha kompaila tu, na lililokuwa likienda jana likakwama leo. Kisha kompaila mpya huwa hodari zaidi wa kubana matumizi. Ikiona kigeu hakina haja tena, hukiondoa. Msaka hitilafu akiulizwa habari za kigeu hicho hujibu kwamba kimeondolewa katika kurahisisha kazi. Ni jibu la kweli, lakini humkera anayelipokea kama mtu aliyepiga hodi akaambiwa mzee ametoka, wala haambiwi amekwenda wapi.

Ndiyo maana GDB husafiri na mkoba wake wa majaribio. Kila jaribio aghalabu ni jozi: programu ndogo, pengine ya mistari kumi tu, isiyo na faida yoyote duniani ila kuulizwa maswali, na hati ya maswali yenyewe pamoja na majibu yanayotarajiwa. Hati hizo huendeshwa na programu iitwayo DejaGnu, jina lililochezea usemi wa Kifaransa wa mtu anayehisi kwamba haya amekwisha kuyaona. Amri moja hutolewa, na maswali makumi ya maelfu huulizwa moja baada ya jingine. Baada ya hapo matokeo huwekwa kando ya matokeo ya jana, na kinachotafutwa ni kile kilichofaulu jana na leo kimefeli. Kazi hurudiwa kwa kompaila ya zamani, kwa mpya, na hata kwa ile ambayo haijatolewa bado. Haina sifa kazi hii. Ni nadra mtu kutungiwa beti kwa kuhakikisha kwamba jambo la jana lingali lilivyo.

Na hali wapenzi wa mashairi hawana haja ya kufundishwa uzito wake. Tenzi nyingi za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo, kama zilivyotumiwa zamani, hazikupambanua e na i, wala o na u. Aliyezihamishia hati za Kirumi alikuwa na mashahidi wachache: maana, vina, na mizani nane za kila kipande. Akihesabu kipande akapata mizani saba, jaribio limefeli. Lakini limefelishwa na nani? Yawezekana mnakili wa kwanza aliruka silabi. Yawezekana hati haikuweza kuibeba sauti. Yawezekana mshairi alilitamka neno kwa lahaja yake, na msomaji wa leo aliyezoea Kiswahili sanifu ameimeza silabi moja. Hata neno dogo kama mtu lina mizani mbili, ingawa ulimi wenye haraka hulifanya moja. Msomaji wa pupa hulisahihisha shairi. Mwenye adabu huanza kwa kujihesabu yeye.

Watunzaji wa GDB walikumbana na ugomvi huohuo, wakautilia alama. Jaribio likifeli kwa sababu iliyo nje ya GDB, tuseme kompaila ya toleo fulani iliandika waraka wenye makosa, neno la kufeli hutanguliwa na herufi X: hili lilitarajiwa, na kosa ni la mazingira. Likifeli kwa sababu ya GDB yenyewe, hutanguliwa na K: kosa lajulikana, na ni la kwetu. Palepale huandikwa namba ya taarifa ambamo kosa limeelezwa, ili anayekuja asidhani limefichwa. Ni herufi mbili tu, lakini K ina uungwana ambao X haina. Hata hiyo X yenyewe haitakiwi kutolewa kwa jumla. Hati njema hutaja ni kompaila ipi na toleo gani, ili toleo linalofuata lisirithi lawama isiyo yake. Kishawishi, bila shaka, ni kuipenda X. Kosa likiwa la jirani mtu hulala vizuri.

Nachingwea inaijua herufi hiyo kwa njia ya uchungu. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa wiki tisa hivi, ardhi nyingi ikitazamwa kutoka angani, ukarudi na pendekezo la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu ili Uingereza iliyotoka vitani ipate mafuta. Sehemu kubwa zaidi ya eneo hilo ilikusudiwa kuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, na Nachingwea ndiyo iliyofanywa makao. Kazi ilianza mwaka 1947, Kongwa kwanza. (Mwaka huohuo, huko Marekani, mafundi wa kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amekwama ndani ya mashine, wakambandika katika daftari la kazi na kuandika kwamba huyu ndiye mdudu wa kweli wa kwanza kupatikana, maana katika lugha yao hitilafu ilikwisha kuitwa mdudu. Daftari limehifadhiwa, na nondo wake.) Kongwa matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, yalivunjika. Yalikuwapo na matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru. Udongo ukikauka uliganda kama saruji, na mvua zikakosekana. Huku kusini ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, kabla hazijathibitika karanga za kupakia. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule mkubwa, na pauni milioni 36 hivi zikahesabiwa kuwa zimepotea. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962, na baadaye vyuma vyake vikang'olewa.

Kufeli kwa karanga za Kongwa si fedheha. Mazao hufeli. Fedheha ni kwamba hapakutangulia shamba dogo lenye mashine zilezile, udongo uleule na mvua za misimu kadhaa, likaulizwa maswali kabla ya kutajwa ekari milioni tatu. Kila kitu kilikuwa kimefaulu mahali pengine. Chuma kilifaulu vitani. Karanga zilifaulu katika vishamba vya wakulima wa Tanganyika waliozilima kwa jembe la mkono. Imani ikawa kwamba vilivyofaulu mbalimbali vitafaulu pamoja, na hiyo ndiyo imani ambayo majaribio ya kurudia yaliwekwa kuivunja.

Kisha likaja suala la alama. Ilikuwa rahisi kuubandika mkasa ule X: ardhi mbaya, mvua mbaya, mahali pabaya. Lawama ya namna hiyo haiishi katika makabrasha ya London. Hubaki juu ya mahali, ikawa ndiyo jambo la kwanza mgeni kulikumbuka anaposikia jina la Nachingwea, na watu wa pale, ambao hawakuulizwa, hurithi kufeli ambako hawakukutenda. Baada ya 1951 mashamba ya Nachingwea yalipunguzwa yakawa ya majaribio. Yaani kilichostahili kutangulia kilikuja baada ya mazishi. Na karanga zingali zinamea Nachingwea. Moja inaitwa kwa jina la mji, na mwaka wake nyuma. Ardhi ilikuwa imesingiziwa. K ilikuwa ya mpango.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba anayejaribu hakosei. Jaribio lenyewe laweza kuwa ndilo bovu. Liliandikwa na mtu aliyeona GDB ikisimama mstari wa 10, akaandika kwamba 10 ndiyo haki. Ikaja kompaila mpya, programu ikasimama mstari wa 11, na kumbe 11 ndiyo sahihi tangu mwanzo. Hapo hati hurekebishwa. Lakini mkono unaorekebisha hati kwa haki ndio mkono huohuo uwezao kuirekebisha kwa uvivu, ukalishusha jibu linalotarajiwa hadi likutane na jibu lililopatikana. Matokeo yote yatakuwa mazuri siku hiyo. Wapo na wanaopachika K kama mtu anayefunika kisima kwa mkeka: namba ya taarifa ipo, ila miaka yapita na hapana aliyeifungua.

Kwa kuwa programu hizi ni huria, mtu aliye Ruangwa mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuzipakua na kuyaendesha majaribio yote mwenyewe, pasipo kumwomba mtu ruhusa. Yatamchukua muda, na umeme ukikatika katikati itambidi aanze upya. Huenda kompaila yake ni ya zamani, toleo ambalo wengine wamekwisha kuliacha, na kwa sababu hiyohiyo matokeo yake yana thamani: yeye yuko kwenye ardhi ambayo wao hawajaipanda siku nyingi. Akiandika toleo la kompaila, toleo la GDB na aina ya mashine yake, taarifa yake ina uzito sawa na ya fundi yeyote wa Ulaya au Marekani. Asipoyaandika hayo, ni malalamiko tu.

Na miongoni mwa maelfu ya mistari itakayompitia machoni yaweza kutokea mmoja wa ajabu: jaribio lenye K limefaulu. Programu haishangilii. Huutenga mstari huo pamoja na yale yanayotaka kutazamwa na mtu, kwa kuwa kosa linalojulikana haliondoki bila sababu. Ama fundi mmoja amelitibu akasahau kuiondoa alama, ama kompaila mpya imeandika waraka wake kwa namna ambayo kosa halionekani tena na lingali palepale. Itabidi itafutwe ile taarifa kwa namba yake, ifunguliwe, na isomwe tangu mstari wa kwanza.