Goti la Mzee na Pakiti Tuliyoiona



Juma hili tumemtembelea tena mzee mmoja wa jumuiya zetu ndogondogo hapa Tunduma. Jina lake tunalihifadhi. Mwenyewe ndiye aliyetuomba tuyaandike haya, wala hatukuyapata katika kiti cha maungamo.

Mzee huyu aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Zambia kwa miaka zaidi ya thelathini. Goti lake la kushoto liliharibika, gegedu likalika hata mfupa ukasugua mfupa. Yeye hulaumu klachi. Daktari hulaumu umri. Ili apate usingizi alimeza tramadoli, kidonge kimoja usiku. Kufikia mwaka wa tatu vilikuwa vinne au vitano kwa siku, bila cheti cha daktari. Nasi hatuna budi kukiri: mara mbili alitutuma dukani, tukamnunulia kama mtu anunuavyo sukari, tukidhani tunatenda tendo la huruma.

Mwaka jana alikwenda hospitali ya mbali kuwekewa goti bandia. Tulimsindikiza sisi wenyewe hadi kituo cha basi, tukambariki, na pakiti ya vidonge tuliiona katika mfuko wa shati lake. Tulinyamaza. Alipoulizwa na daktari anatumia dawa gani, alijibu, "Za shinikizo la damu tu." Aliona aibu, mtu mzima wa kanisa, kujitaja pamoja na vijana wanaotafuta vidonge hivyo kwa ulevi.

Tramadoli ni ya jamii ya afyuni, kama ilivyo mofini. Mwili huizoea, na kipimo kilichotosha jana hakitoshi leo. Tena, kwa baadhi ya watu, kuitumia muda mrefu huwafanya wahisi maumivu makali zaidi kuliko mwanzo. Basi baada ya upasuaji mzee alipewa kipimo cha kawaida, kikawa kama maji. Wauguzi hawakuwa na namna ya kujua sababu. Goti jipya lataka kukunjwa na kunyooshwa tangu siku za kwanza, lisije likakakamaa kwa kovu. Naye kila aliposhikwa mguu alilia, akaachwa apumzike. Miezi minane imepita, na hawezi kupanda ngazi za kanisa bila mkongojo. Kupiga goti mbele ya Ekaristi ndiko kulikomfanya akubali upasuaji, na hilo bado hajaliweza.

Madaktari wa Marekani walichapisha mwaka 2016 uchunguzi juu ya wagonjwa wa goti na nyonga. Waliopunguza dawa hizo hadi nusu kabla ya upasuaji walipata nafuu iliyokaribiana na ya wale wasiozitumia kamwe. Ilituuma kuusoma. Ingalitosha tuseme pale kituoni, "Mzee, mweleze daktari." Daktari angaliahirisha, angalimpunguzia polepole, maana kuziacha ghafla nako huleta jasho, kutapika na kukesha usiku.

Asije mtu akadhani tunawahimiza wagonjwa wavumilie maumivu ili wapate thawabu. Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa nusukaputi, tarehe 24 Februari 1957, kwamba Mkristo aweza kupokea dawa za kutuliza maumivu kwa dhamiri njema. Mzee wetu alihitaji dawa. Alihitaji pia anayemwandikia dawa ajue alichokwisha kumeza.

Sasa amekwisha kumweleza daktari, na vidonge vinapunguzwa kidogo kidogo. Jumatano tulimkuta kitandani, kisigino juu ya taulo, akikivuta kuelekea kwake huku binti yake akihesabu.

"Padre," alisema, "leo limekunja kuliko jana. Ila usiniulize jana lilikunja kiasi gani."

Tulicheka, tukaketi, tukahesabu naye hadi ishirini.