Oili Isiyodondoka



Lori la parokia, lililokwisha kutembea kilomita 400,000, lilianza kula oili bila kuacha tone chini. Fundi alieleza: moshi wa bluu ukitoka linapowashwa asubuhi kisha ukakoma, huenda sili za valvu zimechoka, ukizidi linapopanda mlima na mzigo, ringi za pistoni zimelika. Letu lilifuka mlimani. Kuongeza oili hulifikisha kigangoni, lakini hakuliponyi.

Wapendwa, tunapotafiti dhamiri tusiulize tu tumepungukiwa nini, bali ni wakati gani. Ipo hasira inayowaka tukielemewa tu, ikiunguza upendo nyumbani, na nje lisionekane doa. Tuipeleke mapema kwenye Sakramenti ya Kitubio.