Mwaka wa Shilingi

Waingereza niliwajua kwa fedha yao kabla sijamwona hata mmoja wao. Ilikuwa 1921, nami mtoto wa kuamia ndege mashambani. Jina la Tanganyika lilikuwa limetangazwa mwaka uliotangulia, na Gavana Horace Byatt alikaa Dar es Salaam. Hayo nilikuja kuyajua ukubwani. Sisi wa bonde la Kilombero tulikuwa bado tunahesabu nani karudi na nani hakurudi.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilitupitia vibaya. Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi Oktoba 1917, majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka, na wote hao walikula mpunga wa watu wa kando ya mto. Wanaume walikamatwa kuwa wapagazi. Barabara za magari hazikuwapo, na mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo, basi risasi na vyakula vilisafiri vichwani mwa watu. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa na njaa. Mjomba wangu aliondoka na kundi moja la wapagazi. Hatukuletewa habari wala kuonyeshwa kaburi.

Baba alirudi. Malipo yake yalikuwa noti za karatasi, rupia ambazo Wajerumani walizichapa humu humu nchini baada ya meli zao kuzuiwa baharini. Shangazi alizihifadhi darini, juu ya moshi wa jikoni, mchwa wasizifikie. Ilipotangazwa kwamba fedha sasa ni shilingi, na rupia moja inabadilishwa kwa shilingi mbili, Baba alizishusha, akavuka mto kwa mtumbwi kwenda dukani. Mwenye duka alizigeuzageuza, akamrudishia. Rupia ya fedha tupu angeipokea. Karatasi za vita hazikuwa na thamani tena.

Mpaka leo jambo hili linaniuma. Baba hakupoteza faida ya biashara. Alipoteza ujira wa kubeba mizigo ya wageni katika vita vya wageni, na serikali mpya ilimdai kodi ya nyumba kama mtu yeyote.

Kodi ilitoka kwenye mpunga. Tulilima kwa kufuata maji ya masika, usiku tukalala juu ya dungu kuwafukuza nguruwe na viboko. Kila nyumba ilitaka shilingi wakati mmoja, mara tu baada ya mavuno, kwa hiyo wachuuzi walinunua kwa bei waliyoitaka wao. Aliyekosa mpunga alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Kilosa na Morogoro. Kaka zangu wawili walikwenda. Mimi nilibaki, nikasoma kwa mapadri Wakapuchini wa Uswisi, ambao nao waliingia nchini 1921 kushika misheni za Wabenediktini waliofukuzwa kwa sababu ya Ujerumani wao.

Sasa treni za TAZARA zinapita Ifakara, na vijana husafiri bila mzigo kichwani. Nikifika Dar es Salaam huenda kwenye Sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia, wote kwa pamoja, bila jina la mmoja wao. Mjomba hana mahali pengine alipoandikwa.